Pacha wa Maganga

Pacha muulize alalaye nao. Hiyo ndiyo methali mliyoisikia leo asubuhi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Watu wengi huitumia bila kujua kwamba pacha wenyewe walikuwapo, na kwamba huyo aliyelala nao alikuwa mtoto ambaye hata miaka sita hajatimiza. Endeleeni kumenya karanga zenu, maana mikono haiyazuii masikio kusikia. Methali hii ilianza hivi.

Huko Unyamwezi, katika kijiji kilichokuwa ukingoni mwa msitu, palikuwa na mrina asali aliyeitwa Maganga. Mkewe alikuwa Milembe, mwanamke mchapakazi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Walikuwa na binti mmoja, Kabula, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa siku mvua za kwanza ziliponyesha. Kabula alikaa miaka minne bila ndugu. Kisha Milembe akajifungua wasichana pacha, nao wakapewa majina kama ilivyo ada: aliyetangulia kutoka akaitwa Kulwa na aliyemfuata akaitwa Doto.

Watoto wale walifanana mpaka mkunga akaogopa. Aliwageuza huku na huku, akawatazama nyayo, akawatazama visogo, mwishoni akatikisa kichwa. "Hawa mkiwachanganya," alisema, "hata mimi niliyewapokea sitaweza kuwasaidia." Akamfunga Kulwa uzi wa shanga nyekundu mkononi, akamfunga Doto uzi wa shanga nyeupe. "Macho yenu yasibanduke kwenye shanga," akawaambia wazazi.

Wazazi wakatii. Wakatii mno, kama mtakavyoona.

Pacha walipofika miezi mitano, kitanda cha wazazi kikawa hakiwatoshi tena. Wakahamishiwa kwenye kitanda cha kamba cha Kabula, kilichokuwa hatua mbili tu kutoka pale. Milembe alikuwa akimchukua mmoja, akimnyonyesha, akimrudisha, kisha akimchukua mwingine huku akisinzia. Kabula alilala katikati yao. Mwanzoni alilalamika kwamba anabanwa. Baada ya wiki chache, akawa hapati usingizi bila wao. Kulwa alikuwa na tabia ya kumshika sikio na kulisugua polepole mpaka alale. Doto hakuwa na haja na sikio la mtu. Yeye alimwegemezea nyayo zake mbavuni, akisukuma kama anayepanda kilima. Hata pumzi zao zilikuwa tofauti. Kulwa alivuta kwa sauti nyembamba, na Doto alikuwa na mguno mdogo kila baada ya pumzi mbili tatu. Mambo hayo Kabula hakumwambia mtu, kwa sababu alidhani kila mtu anayajua.

Pacha walipokuwa na miezi saba, Kulwa aliugua kikohozi. Wakampeleka zahanati, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwa daktari aliyeitwa Mwambungu, mtu wa Tukuyu, mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Daktari akamchoma Kulwa sindano ya penisilini. Kabla hawajavuka hata uwanja wa zahanati, uso wa mtoto ukaumuka, macho yakazibika, pumzi ikawa ya kutafuta kwa shida. Milembe akarudi mbio huku anapiga kelele. Daktari akampa mtoto dawa nyingine upesi, na baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko mwaka, Kulwa akapumua vizuri. Daktari Mwambungu akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye kadi ya Kulwa kwa herufi kubwa.

"Mama, dawa hii kwa mtoto huyu ni sumu," alisema. "Safari hii tumebahatika. Asichomwe tena maisha yake yote."

Milembe akaishika kadi ile kama mtu anayeshika kaa la moto. Nyumbani akaihifadhi chini ya nguo, mbali na kadi ya Doto iliyokuwa safi.

Miezi miwili ikapita. Pacha walikuwa wamenenepa, na nyuzi za shanga zikaanza kuwabana mikono. Jumapili moja, baada ya chakula, Maganga akaketi uani na kisu chake cha kurinia, akazikata nyuzi zote mbili, shanga nyekundu akazimimina kwenye bakuli moja, nyeupe kwenye bakuli jingine, akaanza kuzitunga upya kwa uzi wa katani. Watoto walikuwa mbele yake juu ya mkeka. "Kushoto Kulwa, kulia Doto," akawa anajiimbia ili asisahau. "Kushoto Kulwa, kulia Doto."

Aliimba vizuri, ila wale waliokuwa wakiimbwa hawakutulia. Kulwa alimwona kuku akipita, akamfuata kwa kutambaa. Doto akalia, Milembe akamchukua akamnyonyesha, akamrudisha mkekani, lakini upande wa kushoto alikoondoka Kulwa. Kisha akamkimbilia Kulwa aliyekuwa akikaribia jiko, akamweka kulia. Maganga hakuinua kichwa. Alipomaliza kutunga, akamfunga wa kushoto shanga nyekundu.

"Baba," Kabula akasema, "huyo ni Doto."

"Kushoto Kulwa," Maganga akajibu, akikaza fundo.

"Kulwa alimfuata kuku."

"Kisha akarudi."

"Hakurudi. Mama ndiye aliyemrudisha, akamweka huku."

Maganga akamtazama mkewe. Milembe wakati huo alikuwa amesikia harufu ya maharage yakiungua, na mtu anayeunguliwa na maharage haulizwi habari za kushoto na kulia. "Mwenye nyekundu Kulwa, mwenye nyeupe Doto," akasema akikimbilia jikoni. "Kabula, usituchanganye."

Basi ikawa hivyo. Tangu siku ile, Doto akaitwa Kulwa na Kulwa akaitwa Doto, na wazazi walikuwa na amani kamili, maana shanga zilikuwapo.

Kabula hakuwa na amani. Kwa siku nyingi alimsahihisha kila aliyekosea, naye kila mara aliambiwa anyamaze. Baba yake alicheka na kumwambia kwamba amewahi kurina asali kwenye mizinga arobaini bila kukosea mzinga wake hata mara moja, itakuwaje akosee watoto wawili? Mama yake hakucheka. Siku moja walikuja wageni, ndugu za Maganga kutoka mbali, na Milembe akawaonyesha wanawe: "Huyu ndiye Kulwa, huyu Doto." Kabula akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mama, si hivyo." Wageni wakatazamana. Kuwachanganya pacha ni jambo ambalo watu wa kule hawalipendi, na Milembe akaona aibu sana.

Wageni walipoondoka, alimwita Kabula ndani. "Unataka watu waseme mama yako hawajui watoto aliowazaa?"

"Hapana, Mama."

"Basi niahidi. Neno hilo nisilisikie tena kinywani mwako."

Kabula akaahidi. Ahadi ya mtoto mdogo ni kitu kizito, kwa kuwa hana nyingine nyingi. Mbele ya watu akawa hawaiti wadogo zake kwa jina lolote. Alisema "huyu" au "yule" tu. Lakini mchana kutwa wazazi wake walikuwa shambani na msituni, na yeye ndiye aliyekuwa akicheza na wadogo zake, huku jirani yao mmoja, mama mtu mzima, akiwatupia jicho kutoka uani kwake. Wakiwa peke yao, Kabula aliwaita kwa majina yao ya kweli. Wakati mmoja alijaribu kuwaita kama wazazi walivyotaka, lakini akaona kama anawadanganya, akaacha.

Hapo likazuka jambo la kuchekesha. Pacha walipokaribia mwaka mmoja na nusu, Milembe aligundua kwamba akiita "Kulwa!" yule mwenye shanga nyekundu hageuki. Akiita "Doto!" mwenye nyeupe anaendelea kuchezea mchanga. Au wanageuka visivyo, huyu akiitwa anaitika yule. Milembe akaingiwa na wasiwasi. "Baba Kabula, watoto hawa hawasikii vizuri," akamwambia mumewe. Wakawatia mafuta ya uvuguvugu masikioni kwa wiki nzima. Kabula alikuwa akishika kibakuli cha mafuta, amebana midomo kwa ajili ya ahadi yake, na wadogo zake wanalia bila kosa.

Ndipo kikaja kipupwe. Asubuhi moja, mwenye shanga nyeupe aliamka na homa kali, kifua kinakoroma, hataki kunyonya. Milembe akaivuta kadi safi kutoka kwenye mfuko, ile ya Doto, akambeba mtoto mgongoni. Pacha mwingine wakamwacha kwa jirani yao. Maganga akaleta baiskeli. Kabula naye walitaka kumwacha, lakini alishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili akakataa kuliachia, na kwa kuwa hakukuwa na muda wa kugombana, wakampandisha kwenye bomba la mbele.

Walikuta watu wengi kwenye benchi la zahanati. Daktari Mwambungu alipomsikia mtoto akikoroma, akawapitisha mbele. Akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akakunja uso.

"Nimonia," akasema. "Mmefanya vizuri kuwahi. Huyu ni yupi? Siyo yule aliyevimba?"

"Hapana, daktari," Milembe akajibu. "Yule ni Kulwa, tumemwacha nyumbani. Huyu ni Doto. Kadi yake hii hapa."

Daktari akaifungua kadi, akaiona safi. Akasema kwamba kama ni hivyo, atamchoma penisilini, kwa nimonia hana dawa bora kuliko hiyo. Akageuka kwenye meza yake, akachukua kichupa, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Kabula alikuwa amesimama karibu na mlango. Neno "penisilini" alilijua. Tangu siku ile ya kuvimba, mama yake alikuwa amelirudia mbele ya jirani mara zisizohesabika. Alimtazama mdogo wake aliyekuwa juu ya mapaja ya mama, macho nusu yamefumbwa, mkono mmoja unapapasa hewani kama unaotafuta kitu. Kabula alijua unatafuta nini. Ulikuwa unatafuta sikio.

Aliikumbuka ahadi. Akaona akisema, mama yake ataaibika mbele ya daktari na mbele ya benchi zima. Kisha akaiona sindano imejaa.

"Daktari, usimchome!" akalia. "Huyo ni Kulwa!"

Milembe akageuka, uso umemwiva. "Kabula! Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiseme, Mama. Lakini atavimba tena."

"Daktari, msamehe," Maganga akasema, akimshika binti yake bega. "Ni mtoto tu. Ameshikilia neno hilo tangu mwaka jana. Sisi tuna shanga, hatuwezi kukosea."

Daktari Mwambungu alikuwa ameishusha sindano. Akachuchumaa mpaka miwani yake ikawa sawa na macho ya Kabula. "Shanga alizifunga nani?"

"Baba. Zilikuwa zinawabana, akazikata, akazitunga upya. Kulwa alimfuata kuku, Mama akamnyonyesha Doto, akamlaza mahali pa Kulwa. Kisha Mama akamtoa Kulwa kwenye jiko, akamweka mahali pa Doto. Baba alikuwa anaimba, hakuona. Maharage yalikuwa yanaungua."

Milembe akataka kumkanya tena, lakini maharage yakamzuia. Maharage aliyakumbuka. Yaliungua kweli, na sufuria ile mpaka siku hiyo ilikuwa na weusi chini. Na alipoyakumbuka maharage, akamkumbuka na kuku, na mtoto aliyemwondoa kando ya moto.

"Mwite," daktari akamwambia Kabula.

Kabula akasogea. "Kulwa," akaita taratibu. "Kulwa, niko hapa."

Yule mtoto, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajamtazama mtu, akafumbua macho, akageuza kichwa, akanyoosha mkono na kulikamata sikio la dada yake.

Maganga akasogea karibu kutazama.

"Kuitika si ushahidi wa kitabibu," daktari akasema. "Lakini kunatosha kunizuia." Akachukua tone moja la dawa ile, akalichanganya na maji mengi, akakwaruza kidogo ngozi ya mkono wa mtoto kwa ncha ya sindano, akadondosha hapo. Kisha akaweka saa yake mezani. Wote wakautazama ule mkono mdogo. Kabula hakuutazama, yeye alikuwa anajua, na shingo ilikuwa inamuuma kwa kuinama huku sikio limeshikwa. Haikupita robo saa, pale palipokwaruzwa pakainuka uvimbe mwekundu, mkubwa, kama mahali alipochoma nyuki. Maganga aliyekuwa ameumwa na nyuki maisha yake yote aliutazama uvimbe ule akasema, "Mungu wangu. Tone moja tu."

Daktari akaimwaga dawa yote iliyokuwa kwenye bomba, akaenda kwenye kabati kutafuta dawa nyingine.

Walikaa pale zahanati siku tatu. Milembe alikuwa akimpa Kulwa vidonge vilivyosagwa kwenye maji, na kila alipompa, alitaja jina lake kama mtu anayejifunza kusoma: "Kulwa, kunywa. Kulwa, mwanangu." Siku ya pili, homa ilipoanza kushuka, alimvuta Kabula akamweka ubavuni.

"Nilikuzuia kusema," akamwambia. "Ungenitii, leo tungekuwa tunalia."

"Mama, ahadi yangu nimeivunja."

"Umeivunja vizuri," Milembe akasema, akacheka na kulia kwa pamoja. "Umeivunja vizuri sana, mama yangu."

Siku ya tatu Kulwa alinyonya mpaka akasaza, akaanza kuvuta miwani ya daktari. Daktari akawaruhusu waende. Kwenye benchi la nje walijaa wagonjwa wa siku hiyo pamoja na wale waliokuwa wameusikia mkasa na kuja kuutazama mwisho wake. Maganga akaishika baiskeli, akapiga hatua mbili, akasimama. Wazo lilikuwa limemjia. Akarudi mlangoni.

"Daktari," akasema, "huyu sasa tunamjua kwa sababu ya huo uvimbe. Lakini uvimbe utapona. Shanga sizitaki tena hata kuziona. Nikifika nyumbani wakawa wawili, nitajuaje yupi ni yupi?"

Daktari Mwambungu alikuwa ananawa mikono. Hakuinua hata kichwa.

"Unaniuliza mimi, Maganga? Muulize anayelala nao!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya jino akacheka mpaka akalishika shavu kwa maumivu. Maganga naye akacheka kuliko wote. Neno lile likapanda baiskeli za watu waliokwenda mbio kuliko yeye, aliyekuwa anasukuma polepole akiwa na mke, mtoto mgonjwa na binti. Walipoingia kijijini, neno lilikuwa limeshafika. Watoto waliwapokea njiani wakiimba, "Maganga, muulize anayelala nao!"

Maganga hakukasirika. Jioni ile, jua likiwa bado lipo, aliwakalisha pacha uani mbele ya majirani, akamgeuza Kabula uso ukutani, akamfunga macho kwa kanga ya mama yake. Kisha akamwekea unyayo wa mtoto mmoja mgongoni. "Doto," Kabula akasema. Akamwekea wa mwingine. "Kulwa." Wakabadilisha, wakarudia, wakamdanganya kwa kumwekea ule ule mara tatu. Hakukosea hata mara moja. Jirani mmoja mkorofi akaegemeza unyayo wake mwenyewe. "Huyu hanawi," Kabula akasema, na uani pakawa hapakaliki kwa vicheko. Ikafika zamu ya Maganga. Alifungwa macho, akapapasa, akatafakari, akakosea mara sita kati ya kumi. Milembe alikosea mara nne, akajisifu kwa wiki nzima.

Tangu hapo Kabula akawafundisha wazazi wake. Usitazame uso, aliwaambia, sikiliza pumzi. Wakajifunza kidogo kidogo, kama wanafunzi wazito.

Miaka ikapita. Neno la daktari likaongezewa neno na kulainishwa na vinywa vya watu, kama methali zote, likaenda kwenye mashauri ya mipaka, likaenda kwenye ugomvi wa ng'ombe, likaenda hata kwenye mabaraza ya wazee, ambako mtu mkubwa asiyejua huambiwa amtafute mdogo anayejua. Na pacha wakakua wakawa wanawali.

Siku ya posa ya Kulwa, washenga walifika nyumbani kwa Maganga wamevaa kanzu safi. Mabinti wawili wakatoka na maji ya kunawa, wakapiga magoti, wamefanana kama siku waliyozaliwa. Mshenga mkuu akakohoa kidogo. "Mzee Maganga," akasema kwa heshima, "kabla hatujaenda mbali, tuonyeshe basi. Bibi arusi wetu ni yupi hapa?"

Maganga akamtazama wa kushoto. Akamtazama wa kulia. Akainua kidole, akakishusha. Kisha akageuka polepole akatazama mlangoni, ambako Kabula alikuwa amesimama na mwanawe mwenyewe mgongoni, amejifunika mdomo kwa kanga. Na wote waliokuwa uani, wenyeji na wageni, wazee na watoto, wakasema kwa sauti moja:

"Pacha muulize alalaye nao!"